Ziwa Kivu mu radari inatoka sawa pori?? Kelele ya VH

mwana_goma
Jambo wote. Niko nafanya memuwari (kazi ya kumaliza masomo) na picha za radari ya satelite Sentinel-1, nalinganisha vile ziwa na lava ya Nyiragongo ya 22/5/2021 zinarudisha mawimbi. Lava haina shida. Lakini ziwa ikitulia VV (mawimbi inatumwa wima, inapokelewa wima) inashuka vizuri, VH (inatumwa wima, inapokelewa mulalo) yenyewe inakatala, inakwama karibu -25 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya mwangwi) na kuko mustari unakata maji kutoka kaskazini mpaka kusini. Nikihesabu entropi (kipimo cha vile mwangwi umechanganyika) ndiyo balaa, maji inapanda sawa vile pori! Nimepitisha filitre, nimefanya wastani ya picha mingi, iko palepale. Shida ni nini?

lushois243
Ongeza dirisha ya filitre, weka pikseli 7 kwa 7

yaya_sig_bkv
Filitre haitamusaidia, ile ni ya chengachenga (madoa-madoa ya picha ya radari). Chenga zinatoka mu mwangwi wenyewe, zinapanda na kushuka pamoja nayo, njo maana wastani inazituliza. Kelele ya joto ya mashine iko pale hata mwangwi ukiwa sifuri, na juu radari inapima nguvu, ile kelele inajiongeza tu, haipunguzi. Wastani ya picha elfu itakupa mwangwi + kelele, laini kabisa na bado ya uongo.

Mwangwi ukipita kelele kwa 10 dB unakosea 0,4 dB tu, njo vile lava yako iko sawa. Zikilingana unakosea 3 dB. Na VH ya maji matulivu iko chini ya kelele, kwa hiyo ile -25 haiko ziwa, unapima mashine! Mustari ni mupaka wa vipande viwili vya picha, kila kimoja na kelele yake. Entropi pia: VV na VH zikijazwa kelele isiyojuana, hakuna mwangwi unaotawala, hesabu inafikiri ni majani.

Mu SNAP (programu ya kutengeneza picha za Sentinel) ondoa kelele ya joto mbele ya kalibrasio (kugeuza namba za picha kuwa kipimo cha mwangwi).

mwana_goma
Aksanti yaya, mustari umepungua sana. Sasa pikseli zingine za ziwa zinatoka sifuri ao chini ya sifuri, nizitupe?

yaya_sig_bkv
Usizitupe!! Ukibakiza zile za juu tu wastani inapanda tena. Fanya wastani kwanza, mu nguvu si mu dB, kisha ugeuze. Na kwa entropi utoe kelele ku VV na VH zote mbili mu matrise (jedwali la VV na VH lenye entropi inahesabiwa), ikibakia karibu na sifuri andika mu memuwari kwamba VH ya ziwa haipimiki, usiipe namba.

lushois243
Kumbe 😅 naenda kurudilia zangu