Naombeni ushauri: barabara ya "state" Texas, nani hasa mwenye mamlaka?

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Naomba msaada hasa mlioko Texas au mnaozijua hizi serikali za majimbo ya Marekani.

Barabara iliyo mbele ya shule ya wanangu haina taa za kuongozea magari, asubuhi magari yanapita kasi balaa, watoto wanavuka kwa kubahatisha tu. Nikaenda kikao cha halmashauri ya mji nikaongea, wakasema hiyo sio yetu ni ya jimbo, na kweli kibao kimeandikwa FM (Farm to Market, aina ya barabara za jimbo) na hizo ziko chini ya idara ya barabara ya jimbo (ni kama ile ya TARURA na TANROADS nyumbani). Nikapiga simu ofisi ya mwakilishi wetu kwenye bunge la jimbo kule Austin, kijana mmoja mpole akanijibu bunge halipo kikaoni. Sasa bunge lenyewe kikao cha kawaida ni siku 140 tena miaka ya witiri tu, 2025, 2027, na kikao maalum anaitisha gavana peke yake na ajenda anapanga yeye, sioni taa yangu ikiingia humo 😅

Naombeni kujua:
1. Hivi taa inahitaji bunge kweli, au ofisi ya kanda ya hiyo idara inaweza kupima na kuamua yenyewe?
2. Nina saini za wazazi, nianzie wapi, kanda, kwa seneta wa jimbo, au kaunti?

Aliyewahi kufuatilia kitu kama hiki anielekeze, hata inbox. Asanteni.