Programu za uongozi za mabinti weusi vyuoni Marekani: zinawajenga au zinawatenga?

MamaWanjiru (Columbus, Ohio): Wadau, habari zenu. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni hapa Marekani. Ameitwa kwenye programu ya uongozi ya wasichana weusi peke yao: kila mmoja anapewa mlezi, mwanamke mweusi aliyetangulia kwenye fani yake, na wanakutana kila mwezi. Baba yake hataki. Anasema hatukuuza shamba ili mtoto avuke bahari akakae na weusi wenzake. Fomu inafungwa Ijumaa. Mnasemaje?

Mzalendo_Dallas: Mzee yuko sahihi. Kazini hakuna chumba cha weusi peke yao, azoee mchanganyiko mapema. Na hao walezi ni makungwi wa chuo tu: kaa hivi, vaa hivi, punguza sauti.

BintiMakunduchi: Kaka, kungwi umemtaja kama takataka. Bibi yangu alikuwa somo wa nusu ya wasichana wa mtaa. Bi Kidude, aliyefariki 2013, dunia ilimjua kwa taarab, sisi Unguja tulimjua na kwa unyago pia. Omba radhi.

Mzalendo_Dallas: Radhi ya nini? Bi Kidude alifunda wali waende kwenye ndoa. Hakufunda wakurugenzi.

BintiMakunduchi: Alifunda yale yasiyosemwa mbele ya wanaume. Msichana mweusi chuoni naye ana ya kwake. Mwaka wangu wa kwanza profesa aliniuliza mbele ya darasa zima nani kaniandikia insha. Nilinyamaza. Aliyenifundisha cha kujibu ni mama mweusi aliyewahi kuulizwa vilevile. Huyo ukimwita kungwi, ni kungwi kweli, na hilo si tusi.

Mhadhiri_N: Mimi ni mlezi wa aina hiyo. Nina wasichana tisa, na idara nzima mwanamke mweusi ni mimi tu. Silipwi, na nikiomba kupanda cheo saa hizo hazihesabiwi. Kabla ya kubishania majina, tuulizane nani anawabeba walezi.

Jirani_Atlanta: Mzalendo, Delta Sigma Theta, chama cha wanafunzi wa kike weusi, unakijua? Wasichana 22 wa Howard, chuo kikuu cha weusi, walikianzisha 1912 kama sikosei, hawajamaliza hata mwaka wakaandamana Washington kudai kura ya wanawake. Kamala Harris naye ni wa Howard, akaingia Alpha Kappa Alpha, chama kingine cha namna hiyo, akawa makamu wa rais. Kukaa na weusi wenzake kulimkwamisha wapi?

KijanaWaKisumu: Ni Januari 1913, na maandamano ni Machi mwaka huohuo. Halafu Kamala alishindwa 2024.

Jirani_Atlanta: Alishindwa akiwa na kura milioni 75. Wewe umewahi kugombea nini?

Mzalendo_Dallas: Tuacheni siasa. Wangari Maathai alisoma Kansas miaka ya 60, mji mdogo, hakuwa na programu ya weusi, na Nobel akaichukua 2004.

BintiMakunduchi: Chuo chake, Mount St. Scholastica, kilikuwa cha wasichana watupu, chini ya masista Wabenedikto. Alilelewa na wanawake, kaka. Ushahidi umeniletea mwenyewe.

Mzalendo_Dallas: Masista wa Kizungu! Si ndilo ninalosema? Mlezi ni mlezi, rangi ya nini? Na hapa Texas ofisi za kushughulikia usawa wa rangi na jinsia kwenye vyuo vya serikali zimefungwa kwa sheria tangu Januari 2024. Binti akizoea kubebwa, siku mlango ukifungwa atafanyaje?

Mhadhiri_N: Ofisi ikifungwa, msichana bado yupo. Wangu wananigongea mlango hata saa mbili usiku.

MamaWanjiru: Baba yake ni mtu wa Nyeri, Wangari kwake ni kama dada. Leo tukila nitamwambia habari ya wale masista. Dada Mhadhiri, nimekusoma mara mbili. Mlezi wa binti yangu akipatikana, nimpelekee nini?

BintiMakunduchi: Mzalendo, lile neno bado hujalifuta.