Naomba ushauri: matete ya bwawa la majitaka, ng'ombe wale au wasile?

Wakuu, habari za jioni. Niko pembezoni mwa mji wa Iringa. Taasisi moja jirani ina bwawa la kokoto na matete la kusafisha majitaka, na gereji yao inamwaga humo humo. Maji yanayotoka ni meupe, hata harufu hamna. Wasiwasi wangu ni matete: wakifyeka, majirani tunabeba kulisha ng'ombe wa maziwa. Najua metali zenye sumu za gereji, kama risasi (lead) na kadimiamu, haziozi kama kinyesi; nyingi hubaki kwenye tope na mizizi, majani huchukua kidogo. Lakini kidogo hicho, kila siku, kwa miaka? Na lile tope jeusi la mdomoni mwa bwawa, kuna mtu kaanza kulimwaga kwenye mchicha, tena wa kuuza! Wenye uzoefu, nianze kupima tope, majani au maziwa? Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mbeya. Mfugaji wa kawaida akipeleka sampuli anapokelewa, na gharama zikoje?