Tupeane uzoefu: watu wa bara tunajikingaje na kichefuchefu kwenye vyombo vya uvuvi?

Mnzuguni
Habari zenu wadau. Asubuhi nilikuwa stendi ya Nanenane hapa Dodoma nasindikiza mgeni, nikaona mama anamnusisha mwanawe ganda la limau kabla basi halijaondoka. Nikamkumbuka marehemu baba, ndivyo alivyotufanyia tukienda Kilwa kwa shangazi, ambako binamu zetu walitupakia kwenye mashua kwenda kuvua. Novemba nakwenda tena, na wanangu. Mlioingia baharini mkitokea huku kwetu, mlijikinga na nini?

Mama Zabibu
Tangawizi mbichi. Itwange, ichemshe, tia kwenye chupa, uanze kunywa kidogo kidogo kabla ya kupanda. Ukisubiri moyo uchafuke, tumbo halipokei kitu tena.

Shemeji wa Bagamoyo
Tangawizi nilikunywa. Mimi mtu wa Mpwapwa, nimeoa Bagamoyo, shemeji zangu wanavua dagaa usiku kwa taa. Ilikuwa mwezi wa saba, kusi linavuma. Jioni nilikula wali wa nazi na samaki wa kukaanga, maana mama mkwe hakubali mgeni aache chakula.

Kwenda, sikusikia kitu. Balaa lilianza chombo kiliposimama tukisubiri dagaa wakusanyike kwenye taa. Chombo kilichosimama kinayumba kila upande. Nimekaa shetri, yaani nyuma ya chombo, jirani na injini, moshi wote unaniingia puani, na maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya chombo, yananuka samaki wa jana. Nikainama kuokota simu. Kuinua kichwa tu, wali ukatoka. Yakafuata maji, ikafuata nyongo, chungu, na tumbo bado linajikamua. Nikawaomba wanirudishe pwani. Wakasema kazi ya usiku mzima hairudi kwa mtu mmoja.

Ikafika mahali nikaona afadhali nijitupe majini yaishe. Shemeji mkubwa akanisoma macho. Akanifunga kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye mlingoti, akanilaza chali katikati ya chombo na kunifunika turubai. Nikakaa hivyo mpaka alfajiri.

Mdau wa Kondoa
Pole sana mkuu. Hiyo ya nyongo naijua.

Binti Mvumi
Mtu anaumwa halafu mnamfunga kamba? Huo ni ukatili. Chombo kingepinduka je?

Shemeji wa Bagamoyo
Dada yangu, kamba ile ndiyo iliyonirudisha kwa mke wangu. Gizani ukidondoka hakuna anayekuona.

Mwana Migoli
Binti ana hoja. Mngemvalisha jaketi la kuokolea kwanza. Na msidhani ni bahari tu: Mtera upepo ukichachamaa mchana, mtumbwi unarushwa mpaka wageni wanatapika.

Mdau wa Kondoa
Bwawa la umeme nalo linalewesha watu?

Mwana Migoli
Njoo siku ya upepo tukavue perege, kisha urudi hapa uandike tena.

Mzee wa Singida
Hayo yote ya nini? Meza funda moja la maji ya bahari kabla ya kuondoka. Nilifundishwa Tanga na nilipona.

Nesi Chamwino
Shikamoo mzee wangu. Hilo naomba watu wasilifuate. Chumvi ile yenyewe inatapisha, na inazidi kukausha mwili unaopoteza maji.

Mzee wa Singida
Marahaba. Lakini nilipona.

Nesi Chamwino
Nashukuru ulipona, baba. Ila kulazwa chali katikati ndiko kulikomsaidia shemeji yetu. Omo, yaani mbele, na shetri ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Sikio la ndani linahisi chombo kinayumba, macho yakitazama sakafu au simu yanaona kila kitu kimetulia, ubongo unavurugika. Mchana tazama mbali, pale mbingu zinapokutana na maji. Usiku fumba macho, ulale. Kula kidogo, kikavu, kisicho na mafuta, na usiende na njaa pia. Vidonge vipo, promethazini kwa mfano, humezwa kabla ya safari na vinaleta usingizi. Mtoto chini ya miaka miwili hapewi, na mjamzito amwone daktari kwanza. Aliyekwisha tapika apewe maji yenye ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kijiko kwa kijiko.

Mama Zabibu
Kwenye kikavu niongeze zabibu kavu, na sisemi kwa sababu nalima. Charles Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza, alisafiri na meli ya Beagle kuanzia 1831 hadi 1836 na bahari ilimtesa. Alimwandikia baba yake kwamba tumbo lilikubali biskuti na zabibu kavu tu, na kwamba dawa ya uhakika ni kujilaza.

Mnzuguni
Asanteni sana. Mdogo ana miaka mitano. Nimpakie saa ngapi?

Mwana Migoli
Alfajiri, upepo haujaamka. Novemba huko pwani huwa ni maleleji, kusi limekwisha na kaskazi haijakaza, lakini muulize nahodha siku yenyewe. Akisita, usimbembeleze.

Mdau wa Kondoa
Na ubuyu je? Wangu humung'unya kwenye basi mpaka Dar hatapiki.

Binti Mvumi
Ubuyu sawa, usiwe ule wa pilipili. Na jaketi la mtoto linunue mapema, la saizi yake. La mkubwa linamchomoka.