Blade: Trinity: aliyeiharibu ni Snipes au Goyer?

Wadau, kila zikitajwa muvi za Blade, yule mwindaji wa wanyonya damu, sehemu ya tatu ya 2004, Blade: Trinity, hupigwa mawe, na mengi humwangukia Wesley Snipes, aliyemwigiza Blade. Eti alinuna, eti alisusa. Mimi nabisha. Steringi alikuwepo, aliyemgeuza mgeni kwenye muvi yake mwenyewe ni mshika kalamu.

David Goyer aliandika zote tatu. Ya 1998 iliongozwa na Stephen Norrington, ya 2002 na Guillermo del Toro. Ya tatu akaandika na kuongoza mwenyewe, na naona hapakuwa na wa kumwambia "hapa punguza".

Kumbukeni Blade alivyoingia mara ya kwanza. Disko, damu inamwagika kutoka darini, wanyonya damu wanacheza wameloa chepechepe. Kijana aliyeingizwa mtegoni anatambaa sakafuni akitafuta pa kutokea, mpaka anafika kwenye buti. Buti tu, na tayari wanyonya damu wanarudi nyuma.

Ya tatu? Hannibal King wa Ryan Reynolds, mwindaji mwenzake Blade, hafungi mdomo. Hata akiwa kwenye minyororo anatania. Nilicheka, sikatai, ila ukishacheka huogopi tena. Halafu kuna kijibwa cha manyoya kinachonyonya damu. Kijibwa, jamani!

Whistler, mzee aliyemlea Blade na kumtengenezea silaha, ndiye anayeniuma zaidi. Sehemu ya pili ilianza kwa Blade kumsaka mzee huyu, ya tatu inamuua mapema na kazi inaendelea kama aliyeondoka ni mpita njia. Hata Dracula, anapoingia dukani na kukuta jina lake limegeuzwa bidhaa za kuchezea, ni wazo tamu lililopita mbio.

Najua mtasema Snipes alikuwa mgumu kufanya naye kazi. Huenda. Lakini 2005 aliwashtaki New Line, studio ya muvi hiyo, na Goyer, akidai miongoni mwa mengine kwamba alitengwa kwenye uteuzi wa waigizaji. Hayo ni madai yake, ila kwenye muvi namwona kabisa kasukumwa pembeni.

Na 2024, kwenye Deadpool & Wolverine, Snipes yuleyule karudi pamoja na Reynolds yuleyule mwenye domo lilelile. Kaongea kidogo, kapiga watu, na Blade akawa Blade. Sasa anayesema tatizo lilikuwa Snipes anieleze: pale ilikuwaje?