Naomba ushauri: "mganga" anatosha kwa matabibu wa Asante?

Habari zenu ndugu, na wakubwa shikamooni. Naandaa somo la historia kwa wanafunzi wangu kuhusu tiba katika ufalme wa Asante, huko Ghana ya leo, na nimekwama kwenye maneno.

Kwa Waasante, odunsini ni mjuzi wa mizizi, magome na majani. Okomfo ni mwingine kabisa: hupandwa na obosom, yaani mungu wa mto au wa mahali fulani, kisha hueleza chanzo cha ugonjwa. Juu yao, kwenye ikulu ya Kumasi, alikuwepo Nsumankwaahene, mkuu wa waganga wa mfalme. Nikiwaita wote "waganga", darasa litawaza ramli na tunguri tu, na hilo linaniuma. Mwaka 1817 Waingereza walipotuma wajumbe Kumasi, tabibu wao Henry Tedlie aliorodhesha mimea ya dawa ya Waasante, kila mmoja na matumizi yake. Hiyo ni elimu kamili!

Nimefikiria "tabibu wa mitishamba" kwa odunsini. Kwa okomfo nasita kati ya "kuhani" na "mwaguzi". Kuhani linanukia Biblia mno.

Neno "hirizi" halinisumbui, maana Waasante walinunua hirizi zenye maandishi ya Kurani kwa Waislamu wa Kumasi, na wapiganaji wakazishonea kwenye mavazi ya vita.

Waalimu na wafasiri, ninyi mngetumia neno gani kwa okomfo? Au niliache kama lilivyo?