Uyoga mgumu wenye mguu, ukibonyezwa chini unageuka mwekundu: ni ganoderma au kitu kingine?

Mwenye_Iliki (mwanzisha uzi)
Salaam wakuu. Naomba msaada wa kuutambua uyoga huu. Umeota kwenye shamba la iliki chini ya miti mikubwa, Usambara Mashariki, mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, mwanzoni mwa masika hii. Kofia ina upana wa sm 7, umbo la figo, kahawia iliyokolea, haing'ai kabisa, ina mikunjo na miduara. Mguu una urefu wa sm 11, mnene kama kidole kidogo, umeshikana na kofia kwa pembeni. Ni mgumu kama ubao. Upande wa chini ni mweupe wa kijivu, una vitundu vidogo sana. Umetoka ardhini, si juu ya gogo. Kisiki cha karibu kiko hatua mbili.

Kilichonishangaza: palipobonyezwa na vidole upande wa chini pamebaki alama nyekundu kama damu. Mnunuzi mmoja anasema ni ganoderma ya dawa (ule uyoga mgumu wa mbao, ambao kofia yake mara nyingi hung'aa kama vanishi), anataka kwa kilo. Ni kweli? Na miti iliyo jirani itakufa?

Mpanda_Mvule
Mguu pembeni, kofia ya figo, mgumu: ganoderma hiyo mkuu. Kutong'aa kusikupoteze. Ganoderma hudondosha spora (vumbi lake la kuzaliana) nyingi mpaka kofia inafunikwa na vumbi kama kakao, ule mng'ao wa vanishi ukafichika. Pangusa juu kwa kitambaa kilicholowa, utaona.

Bi_Hadubini
Ushauri wa kupangusa ni mzuri, afanye hivyo. Ila rangi nyekundu haiendani na jibu hilo. Vitundu vya ganoderma ukivikwaruza vinageuka kahawia, ndiyo maana watu huchora picha chini ya zile pana zisizo na mguu. Damu hapana.

Uyoga mgumu, mwenye mguu, usiong'aa, wenye vitundu vinavyogeuka vyekundu kisha vikawa karibu vyeusi, unaelekea kwenye jenasi (kundi la spishi zilizo karibu) ya Sanguinoderma. Zamani jamii hizi zote ziliwekwa ndani ya Amauroderma. Zilitengwa mwaka 2020, na tabia hiyo ya kugeuka damu ni mojawapo ya sababu. Kwa hiyo vitabu vya zamani vitakupa jina la Amauroderma, usishangae. Ni ndugu wa ganoderma, familia moja, ila si uyoga wa kukutana nao kila masika.

Rudia jaribio vizuri. Tafuta uyoga mbichi ambao ukingo wake bado ni mweupe, maana hapo ndipo unapokua. Bonyeza kwa ukucha mara moja, weka saa, piga picha papo hapo, kisha baada ya dakika moja, kisha baada ya robo saa. Ukitumia uliokauka au wa msimu uliopita hautabadilika, na utajidanganya kuwa si wenyewe. Uliolowa mvua nao huchelewa.

Kisha ondoa wanaofanana nao. Microporus xanthopus imejaa misitu yetu: ni nyembamba kama ngozi, ina umbo la kikombe, na mguu wake umekanyaga kwa kisahani cha manjano. Coltricia nayo huota ardhini na ina mguu, lakini ni ndogo, nyepesi, laini kama hariri, rangi ya mdalasini, na haitoi damu.

Msikimbilie potasiamu haidroksaidi, ile dawa ya kudondoshea nyama ya uyoga kuona inageuka rangi gani. Miongozo mingi husema nyama ikigeuka nyeusi basi ni ukoo wa Phellinus, uyoga mwingine mgumu wa mbao. Nyama ya ganoderma na ndugu zake nayo huwa nyeusi kwa dawa hiyo hiyo, kwa hiyo hapa haikusaidii kitu.

Mwenye_Iliki
Shukrani Bi_Hadubini. Nimepangusa kwa kitambaa: hakuna mng'ao, na kitambaa hakikupata vumbi la kahawia. Jaribio la ukucha kwenye uyoga mwingine mbichi, hatua tatu kutoka wa kwanza: sekunde kama 20 umekuwa mwekundu, robo saa baadaye rangi ya kahawa nzito. Nitaupataje uhakika zaidi?

Bi_Hadubini
Spora. Kata kipande cha kofia, laza vitundu vikitazama chini juu ya kioo safi, weka pamba yenye unyevu pembeni, funika kwa bakuli, acha usiku mzima hadi saa 24. Kioo ni bora kuliko karatasi kwa sababu unaweza kukiweka juu ya karatasi nyeusi na nyeupe kwa zamu. Spora hafifu za manjano hazionekani juu ya nyeupe. Uyoga mgumu mara nyingi hugoma kudondosha. Ukigoma, angalia majani yaliyo chini yake shambani. Usikwangue spora za juu ya kofia, maana hapo hutua za kila uyoga wa jirani.

Peleka kwenye hadubini ya kukuza mara 1000 kwa mafuta. Spora ya ganoderma ina umbo la yai na ncha moja imekatika bapa, kama yai lililogongwa mezani. Ya Sanguinoderma ni duara au karibu na duara, haina ncha iliyokatika. Zote zina kuta mbili, kwa hiyo kuta si kigezo cha kuzitenganisha. Tazama zisizopungua 30, kwa sababu spora changa za ganoderma bado hazionyeshi vizuri ile ncha. Ukitazama tano tu unaweza kuamua vibaya.

Kisu_na_Bahasha
Kabla ya hadubini, msiuharibu. Kosa kubwa ni kuukata usawa wa udongo. Chimba taratibu kuzunguka mguu kwa kisu au jembe dogo. Uyoga wa aina hii mara nyingi una shina jembamba linaloshuka hadi kwenye mzizi uliokufa ardhini. Ukilifuata utajua umekula mti gani, na hiyo ni nusu ya utambuzi. Chukua na kipande cha mzizi wenyewe.

Usiweke kwenye mfuko wa plastiki hata kwa saa chache. Unatoa jasho, ukungu unapanda, na ile nyekundu inageuka nyeusi kote. Tumia bahasha ya karatasi au gazeti. Ndani yake andika kwa penseli, si kalamu ya wino: tarehe, mwinuko, mahali kwa GPS, mti, rangi ulipokuwa mbichi na muda uliochukua kubadilika. Ukikauka rangi hizo haziwezi kurudi.

Kausha kwenye nyuzi joto 40 hadi 45 kwa siku moja au mbili, mguu mnene upasue katikati kwa urefu. Ukigongwa ulie kama kibao kikavu. Juani tu haitoshi wakati wa masika: juu unakauka, ndani wadudu wadogo wanaendelea kutoboa, na baada ya miezi miwili unabaki na unga. Ukishakauka, uweke kwenye friza siku tatu ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Kwa ajili ya DNA toa punje mbili za ukubwa wa mchele kutoka ndani ya nyama, kwa wembe uliopitishwa motoni, uzitie kwenye kichupa chenye silika (chembe za kunyonya unyevu).

Shamba ni lako, sawa. Ukivuka mpaka na kuingia hifadhini unahitaji kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kwanza.

Mpanda_Mvule
Nimekubali, nyekundu hiyo inaniondoa kwenye ganoderma. Kuhusu miti: kama mzizi ulioliwa ni wa kile kisiki, uyoga unaozesha mbao zilizokwisha kufa, hakuna cha kunyunyizia. Fuata huo mzizi ujiridhishe hauendi kwenye mti ulio hai.

Bi_Hadubini
Na mnunuzi mwambie hapana. Ile ganoderma inayolimwa China kwa ajili ya dawa ni spishi yenye jina lake, Ganoderma lingzhi, iliyoelezwa mwaka 2012. Hii yako hata jenasi si moja. Usiuchemshe kama chai kwa sababu tu umeitwa dawa.

Kwenye lebo andika "Sanguinoderma sp." uishie hapo mpaka spora zipimwe urefu na upana. Sampuli moja kavu ipeleke kwa watu wa botania Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya pili baki nayo. Wa tatu ukiuona, uache shambani umwage spora zake.

Mwenye_Iliki
Nimechimba. Shina limeshuka sm 14 na limeishia kwenye mzizi mlaini, mweupe ndani, unaotoka kwenye kisiki. Kioo kiko chini ya bakuli, picha za spora kesho jioni.